Tuikatae Lumbesa ya Fedha Ugenini

Mkulima wa Handeni au wa Korogwe hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Anaijua tangu shambani. Gunia ambalo lilipaswa kushonwa mdomoni huongezewa kilemba, likashindiliwa mpaka likainuka kama kichuguu, kisha mnunuzi akalihesabu kuwa gunia moja na akalipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaukataza ujazo huo, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita kwa miaka mingi. Ubaya wa lumbesa si kwamba mnunuzi anapata faida, maana hakuna afanyaye biashara asiyetafuta faida. Ubaya wake ni kwamba faida hiyo imefichwa ndani ya kipimo chenyewe, mahali ambapo mwenye mali haioni, na kwa hiyo hawezi kuikubali wala kuikataa.

Leo twataka kuzungumza juu ya lumbesa ya namna nyingine, ambayo haifungwi kwa kamba wala haipakiwi kwenye lori pale Mkata au Segera. Ni lumbesa ya fedha. Humkuta mwananchi wetu akiwa katika nchi ya watu, kadi ya benki mkononi, mbele ya mashine ndogo inayomwuliza swali ambalo hakulitazamia.

Zamani mtu aliyetoka Chanika au Manundu kwenda ng'ambo alikuwa habari ya mji mzima. Siku hizi mambo yamebadilika. Kila mwaka wapo wanaokwenda Makka na Madina kutimiza nguzo ya dini yao. Wapo wanaopeleka wagonjwa wao India. Wapo wafanyabiashara wanaofuata vipuri na nguo Dubai na Guangzhou, na wapo wachuuzi wanaovuka Horohoro kwenda Mombasa na kurudi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao mbuzi na mahindi ya bara huwafikia kwa kuvuka maji, wamezizoea safari hizi kabla yetu, na wengi wao wana jamaa Maskati na katika miji mingine ya Ghuba. Wasafiri hawa wote waliwahi kubeba vibindo vya noti. Leo wengi wanabeba kadi. Nyingine ni kadi za mkopo, na nyingine, ambazo kwetu ndizo nyingi zaidi, ni kadi za akaunti ya kawaida. Kwa jambo tunalolizungumza hapa, hatari ni ile ile.

Jambo lenyewe huenda hivi. Msafiri anaingia dukani au hotelini, anachagua anachokitaka, na anatoa kadi yake. Mashine ya mwenye duka inatambua kwamba kadi imetolewa na benki ya nchi nyingine. Badala ya kudai malipo kwa fedha ya pale, inamwuliza msafiri iwapo angependa kulipa kwa fedha ya kwao, au kwa dola ikiwa akaunti yake ni ya dola. Swali hilo huletwa kwa sura ya hisani. Msafiri huambiwa kwamba atajua papo hapo kiasi kitakachotoka katika akaunti yake. Naye, akiwa na haraka, na watu wamempanga nyuma, anabonyeza kitufe cha kukubali.

Hapo ndipo kilemba cha lumbesa kinapowekwa. Kwa kukubali, msafiri ameiondolea benki yake na kampuni ya kadi kazi ya kubadili fedha, na kazi hiyo ameikabidhi kwa benki ya mwenye duka pamoja na kampuni inayoiendeshea mashine. Hao ndio wanaojipangia kiwango. Hawatumii kiwango cha soko. Hutumia kiwango cha soko pamoja na nyongeza yao, na mara nyingi sehemu ya nyongeza hiyo humrudia mwenye duka kuwa asante ya kumleta mteja. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji hushawishi sana, na wengine hubonyeza kitufe wenyewe bila ya kuuliza. Tabia hii ya pili ni kinyume cha kanuni za makampuni ya kadi yenyewe, Visa na Mastercard, ambayo yanamtaka mwenye duka ampe mteja hiari ya kuchagua.

Isidhaniwe kwamba hesabu yake ni ngumu. Katika nchi za Ghuba, ambako wasafiri wetu wengi huenda, hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, na dola moja ni dirhamu 3.6725. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, na dola moja ni riali 3.75. Riali ya Oman nayo imefungwa kwa dola, na tangu 1986 dola moja ni baisa 384.5. Viwango hivi havipandi asubuhi wala kushuka jioni.

Sasa tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Korogwe mwenye akaunti ya dola amenunua vipuri Dubai kwa dirhamu 3,672.50. Thamani yake ni dola 1,000 kamili. Mashine inamwuliza kama apendelea kulipa dola, naye anakubali. Karatasi inatoka imeandikwa dola 1,050. Hakuna hata siku moja ambayo dirhamu hizo ziligeuka kuwa dola 1,050. Dola 50 zimechukuliwa katika ubadilishaji, nazo, kwa viwango vya miaka hii, ni zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania. Fedha hiyo yaweza kununua gunia la mahindi, na hili si lumbesa, gunia la haki.

Hali ya yule mwenye akaunti ya shilingi yaweza kuwa mbaya zaidi. Akishawishiwa kulipa kwa dola akiwa Dubai, dirhamu zitageuzwa kuwa dola kwa kiwango cha mwenye mashine, na dola hizo zikifika kwa benki yake zitageuzwa tena kuwa shilingi kwa kiwango kingine, pamoja na ada. Mtu amenunua kitu kimoja na amebadilishiwa fedha mara mbili. Kila mlango aliopita ameacha kitu.

Tena mtego huu hauko madukani peke yake. Mashine za kutolea fedha katika viwanja vya ndege na mitaa ya watalii huuliza swali lile lile, na maneno yake huandikwa kwa namna inayomtia mtu hofu, kana kwamba akikataa ubadilishaji hatapata fedha zake. Hiyo si kweli. Kukataa ubadilishaji si kukataa malipo. Mashine itaendelea na kazi yake kwa fedha ya nchi ile, na benki ya msafiri ndiyo itakayobadili. Hata wauzaji wa mtandaoni walioko ng'ambo, wanaomwonyesha mnunuzi wa Handeni bei kwa shilingi, wengine wao wamekwisha kuweka nyongeza yao humo.

Wako watakaosema kwamba jambo hili linawahusu matajiri wachache, na kwamba gazeti lingefanya vyema kuandika juu ya bei ya mbolea. Sisi hatukubali. Fedha iliyomo katika kadi moja ya msafiri wa kwetu ni mara chache sana kuwa ya mtu mmoja. Ya hija imewekwa akiba kwa miaka. Ya mgonjwa imechangwa na ukoo, na pengine ng'ombe ameuzwa mnadani. Ya biashara imetoka katika upatu au kikundi cha kukopeshana, na wanachama wanangoja marejesho. Msafiri anaponyang'anywa sehemu ya fedha hiyo kwa kitufe kimoja, walionyang'anywa ni watu wengi ambao hawajawahi kupanda ndege.

Wako pia watakaosema kwamba msafiri amepewa hiari, na mtu mzima aliyechagua hana wa kumlaumu. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Ni kweli kwamba kuna raha ya kujua hapo hapo kiasi utakachotozwa, na mtu anayejua bei ya raha hiyo na akaikubali hatuna ugomvi naye. Lakini hiari huhitaji elimu. Mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoizoea, asionyeshwe kiwango cha soko cha kulinganisha, naye ana sekunde chache za kujibu, huyo hakuchagua, amechaguliwa.

Historia ya fedha katika sehemu zetu hizi yatufundisha jambo. Visiwani, rupia ya Zanzibar ilipoondolewa mwaka 1936 na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, rupia moja ilihesabiwa shilingi moja na nusu, Unguja na Pemba, kwa mkubwa na mdogo. Shilingi ya Tanzania ilipotolewa na Benki Kuu mwezi Juni 1966, ilibadilishwa shilingi kwa shilingi na ile ya Afrika Mashariki. Watu waliweza kuwa na manung'uniko yao juu ya serikali hizo, lakini kiwango kilitangazwa, kikajulikana, kikawa kimoja kwa wote. Kisha zikaja shida za miaka ya 1980, dola ikawa na bei mbili, moja ya benki na nyingine ya uchochoroni, na walioumia zaidi ni wale wasiojua bei ya pili ilikuwa wapi. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ilifungua milango, na maduka ya kubadilishia fedha yakaandika viwango vyao ubaoni. Ubao ule ni kitu kikubwa. Mtu hupita, husoma, hulinganisha, na akitaka huenda duka la pili. Mashine ya kadi imetuondolea ubao, na imetuachia kitufe.

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha kuliona tatizo hili na kulitungia sheria. Kwa sheria waliyoipitisha mwaka 2019, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika Aprili 2020, anayetaka kumbadilishia mteja fedha mbele ya mashine ni lazima amwonyeshe nyongeza yake kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, kabla mteja hajakubali. Lakini sheria ile ilitungwa kwa ajili ya fedha za nchi za Umoja wao. Hawakuifikiria shilingi yetu, wala hatukutegemea waifikirie. Kazi ya kuilinda shilingi ya mwananchi wetu ni yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunawashauri wasafiri wote, wa bara na wa visiwani, washike mambo machache. Kwanza, kabla ya safari, mtu aende tawi la benki yake, liwe la Handeni, la Korogwe, la Chake Chake au la Mjini Unguja, aulize maswali matatu: kiwango gani kitatumika nikilipa ng'ambo, mtanikata asilimia ngapi kwa kila malipo, na kutoa fedha katika mashine ya nchi nyingine ni ada gani? Majibu aandikiwe. Mwenye kadi ya mkopo aulize na la nne, yaani riba itaanza kuhesabiwa siku gani akitoa fedha taslimu kwa kadi hiyo, kwa kuwa mara nyingi huanza siku ile ile.

Pili, popote atakapoulizwa achague fedha, achague fedha ya nchi aliyomo. Makka ni riali, Dubai ni dirhamu, Mumbai ni rupia, Mombasa ni shilingi ya Kenya. Tatu, asome karatasi au kioo cha mashine kabla ya kuingiza namba ya siri. Akiona kiasi kimeandikwa kwa dola au kwa shilingi ya Tanzania hali yeye hakuomba, aseme malipo hayo yafutwe na yaanzwe upya. Asione haya. Fedha ni yake. Nne, ahifadhi risiti, na akirudi azilinganishe na taarifa ya akaunti yake. Asiye na risiti hana ushahidi, na asiye na ushahidi hubaki na manung'uniko tu.

Tukisema haya, hatutaki ionekane kwamba benki za nyumbani ni malaika. Nazo hutoza ada ya kubadili fedha, na kiwango chao si kile kile cha soko. Yawezekana siku moja ada ya benki ya mtu ikawa kubwa kuliko nyongeza ya dukani. Ndiyo maana tumeliweka lile swali la ada kuwa la kwanza. Lakini tofauti moja ni kubwa. Benki ya nyumbani ina mlango unaoweza kuugonga, ina meneja, na juu yake kuna Benki Kuu. Duka la uwanja wa ndege halina hata kimoja cha hivyo kwa mtu aliyekwisha kurudi Korogwe.

Sasa tuwageukie wakubwa wa serikali, kwa kuwa wajibu wao hauishi kwa kuwaachia wananchi ushauri wa magazeti.

Benki Kuu ya Tanzania ina Kanuni za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Kanuni hizo zinawataka watoa huduma waeleze gharama zao wazi na wapokee malalamiko ya wateja. Tunaiomba Benki Kuu izitumie kuzitaka benki zote zimpe kila mwenye kadi karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, yenye ada zote za matumizi ya nje na onyo juu ya swali la kuchagua fedha. Karatasi hiyo isiwe na kurasa kumi za maandishi ya chungu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kabuku au wa Mombo aweze kuisoma na kumwelewesha jirani yake.

Maafisa biashara wa halmashauri zetu wanawajua wafanyabiashara wanaosafiri. Wawape elimu hii wanapohuisha leseni zao. BAKWATA kwa upande wa bara, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa upande wa Zanzibar, pamoja na vikundi vinavyosafirisha mahujaji, waingize nusu saa ya somo hili katika mafunzo ya hija. Hujaji anafundishwa jinsi ya kuvaa ihramu. Afundishwe pia jinsi ya kulinda nauli na matumizi yake.

Maafisa wa serikali wenyewe wanasafiri kwa fedha za umma. Masurufu yanayopotea kwa kitufe hayaonekani katika hesabu kama wizi. Huonekana kama gharama ya hoteli. Waraka mfupi unaomtaka kila afisa alipe kwa fedha ya nchi aliyomo na arudishe risiti inayoonyesha hivyo haungegharimu kitu.

La mwisho linahusu nyumbani, na hasa visiwani. Hatuwezi kulalamikia Dubai huku tukifanya yale yale Nungwi au Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi baadhi ya hoteli na wenye vyombo vya utalii walitaja bei kwa dola hata kwa Mtanzania, kisha wakamgeuzia kuwa shilingi kwa kiwango walichokitunga wenyewe mezani. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa Machi 2025 chini ya Sheria ya Benki Kuu zimepiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za nchini kwa fedha za kigeni. Kanuni ni njema. Kinachotakiwa ni macho ya kuisimamia. Na mgeni anayelipa kwa kadi katika duka letu naye apewe hiari ya kweli, aonyeshwe kiwango, na asibonyezewe kitufe na mtu mwingine. Mgeni aliyelaliwa Unguja hatasema amelaliwa na mwenye duka fulani. Atasema amelaliwa Zanzibar.

Msimu wa hija huja kila mwaka, na wafanyabiashara husafiri kila mwezi. Karatasi ya Kiswahili tunayoiomba yaweza kuandikwa kwa wiki moja na kuchapwa kwa gharama ndogo. Tunaitaka Benki Kuu pamoja na mabenki yenye matawi katika wilaya zetu na visiwani yaitoe kabla kundi jingine la mahujaji halijapanda ndege.